Mke wa Kijana Yangu Aliniita Mwanamke Mbele ya Watu

Mama mshauri,

Salamu kwako. Mimi si mtu wa kuandika, shule niliachia darasa la nne, lakini hii kitu imenilemea na hapa kwetu kila mtu ananiambia yake. Nisaidie.

Mimi ni mzee wa Shinyalu. Bibi yangu Jescah alikufa kitambo na sikuoa tena. Kazi yangu ni ya mkono. Nimefanya kwa misheni ya masista tangu nikiwa kijana, kukata nyasi, kupasua kuni, kuchimba choo, kulisha nguruwe. Hao masista walitoka Spain. Kihispania kidogo yenye niko nayo nilitoa hapo, si kwa kitabu. Ven ni kuja. Trae ni lete. Dame ni nipe. Siéntate ni kaa chini. Sista Pilar ndiye alikuwa mkubwa, alikuwa anapiganga kelele kutoka jikoni mpaka ng'ombe inageuza kichwa, ven, siéntate, shika mkate, kunywa chai kabla ipoe. Hakuna siku aliniambia por favor, hiyo ndiyo tafadhali yao. Por favor walikuwa wanawekea askofu, na daktari, na wageni wa serikali. Mimi nikajua hivi, mtu wa nyumba haambiwangi tafadhali, tafadhali ni ya mgeni. Na usiseme hakuwa ananipenda. Jescah akizikwa huyo sista alisimama kwa matope na viatu yake ya kanisa akalia kuliko ndugu zangu.

Kijana yangu ni Sydney, ndiye niko naye peke yake. Masista walimtafutia shule ya upishi huko Madrid, akaenda, akapata kazi kwa hoteli, akaoa huko huko. Bibi yake anaitwa Nelcy. Majirani walifurahi sana, wakasema hiyo ni jina ya Mukumu, ya wasichana wa huku kwetu. Lakini si mtu wa huku na si mtu wa Spain, ametoka Kolombia, upande inaitwa Boyacá, Sydney anasema ni milima na viazi na baridi, ungedhani uko Molo. Kihispania ndiyo lugha ya mama yake. Kazi yake huko Madrid ni kuangalia mama mmoja mzee tajiri, anamuosha, anampikia, siku zingine analala hapo hapo. Wamepata msichana na wakamwita Jescah.

Mama mshauri, siku niliambiwa hiyo jina kwa simu nilikuwa shambani, nikakaa chini kwa mahindi, jembe ikalala huko mpaka jioni.

Sasa kwa boma yetu jina haipeanwi tu hivyo. Mzee anabeba mtoto, anasimama naye kwa kaburi ya mwenye jina, anamwita hapo mara ya kwanza. Kama haijafanywa, tunasema mtoto anatembea na jina ya kuazima. Ni hiyo ilikuwa inawaleta. Nikafyeka kaburi, nikapaka boma chokaa, nikangoja.

Wakafika. Mila yetu unajua, baba mkwe na mke wa mtoto hawazoeani, hawashikani mkono, hawakalii kiti moja. Mimi nikakaa na kigoda yangu nje, yeye akakaa ndani na dada yangu Mildred. Lakini masikio haina mila. Nilimsikia akiongea na Sydney jikoni na nikashangaa, anamwita bwana yake usted. Hiyo neno naijua. Ni neno ya mtu mkubwa, ni hiyo masista walikuwa wanaitanga askofu, wao kwa wao hawaitani hivyo hata siku moja. Mtu na bwana yake, usted. Hata mtoto akilia anamwambia usted, mtoto hajaota hata jino moja. Nikasema hapa kuna shida, huyu msichana amepigwa mpaka uoga umefika kwa mtoto.

Nikaita Sydney nyuma ya boma ya ng'ombe, nikamuuliza unampiga? Akaniangalia. Nikamwambia hakuna mwanamke anaita bwana yake kama askofu kama hajaguswa na fimbo. Akaondoka, akaenda kupasua kuni zenye tayari nilikuwa nimepasua.

Mimi nikasema sawa, kama kijana hawezi kumtoa uoga nitamtoa mimi. Atajua hapa ni kwake.

Jumamosi watu wakakuja. Ingokho tatu, kuku wetu wa kienyeji, zimechinjwa, obusuma, ugali yetu, iko, ndugu yangu Wanjala amekuja na watu wa kanisa. Nelcy amesimama tu kwa mlango na mtoto, haketi, haongei, anaangalia chini. Basi nikainuka, mila nikaiweka kando kwa sababu ya huruma, nikamwita na ile sauti ya Sista Pilar, sauti ya nyumbani. Ven. Siéntate. Watu wakashangilia, Chrispinus wa bodaboda akasema mzee kumbe wewe ni mzungu ulifichwa kwa nguruwe. Yeye akakuja haraka, akaketi haraka. Nikafurahi, nikaona dawa inafanya. Nikanyoosha mikono, nikamwambia dame la niña, ya. Nipe mtoto, sasa.

Akasimama, akainamisha kichwa, akanyoosha mtoto kwangu, akasema, "Sí, señora."

Halafu akajishika mdomo. Akamrudisha mtoto kwa kifua, akakimbia ndani.

Mama mshauri, señora ni mama. Ni mwanamke. Watu wakauliza amesema nini, mimi nikajifanya napanga kigoda yangu, lakini Chrispinus alikuwa anabebanga masista na pikipiki na anajua hiyo moja, akapiga kelele, "Amemwita mama!" Wakacheka wote. Wanjala akaacha kula, akanawa mikono.

Kufika jioni Sydney amefunga mizigo. Kwa mlango wa boma akaniambia, "Baba, umemfanya mboi wa kazi mbele ya watu."

Nikamwambia, "Na yeye amenifanya mwanamke."

Wakapanda pikipiki, wakaenda gesti huko Kakamega tauni. Wako huko mpaka leo. Nikipiga simu Sydney anasema niko sawa baba, anakata. Mwisho wa mwezi wanarudi Spain na sijui kama watakuja tena nikiwa hai.

Wanjala anasema mzee hainamii mke wa mtoto, huyo msichana arudi na kuku aseme pole mbele ya wale wale watu walicheka. Mildred anasema mimi ndiye nilikosa, hata yeye hajui nilikosa wapi, lakini mtoto wa watu hawezi kulia hivyo bure. Mimi sijaona kosa. Nilimpa maneno yenye mimi nilipewa. Niliongea naye kama mtu wa nyumba.

Mtoto sijamshika. Kaburi nyasi imeanza kurudi. Niambie, nani alitukana mwenzake? Niende ama ningoje?

Ni mimi, mzee wa Shinyalu.

*

Mzee wangu wa Shinyalu,

Shikamoo. Naitoa mapema, maana nikishaanza kukukemea huenda nikaisahau. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zilizofika kabla yake, na wenyewe wanisamehe. Wao wana shida, wewe una shida na tarehe ya safari.

Tuanze na hilo linalokuchoma. Mke wa mwanao hakukuita mwanamke. Hakuwa akisema na wewe hata kidogo. Umeniandikia mwenyewe kazi yake, tena kwa mkono wako, halafu ukaipita kama mtu apitaye jirani njiani asimsalimie. Anamuosha bibi mmoja tajiri, anampikia, analala kwake. Huyo bibi akitaka maji anasemaje? Dame. Akitaka nguo? Trae. Akiona anacheleweshwa? Ya. Na binti wa watu anajibu nini tangu alfajiri mpaka taa zizimwe? Sí, señora. Ulipomnyooshea mikono ukasema sasa, mdomo wake ulijibu kabla ya moyo kujua. Alivuka bahari kuja kwa baba wa mumewe, akamkuta tajiri wake amekaa kwenye kigoda Shinyalu. Ndiyo maana alijiziba mdomo. Ile aibu iliyomkimbiza ilikuwa yake, wala si yako, na watu wako wakaicheka.

Mwanao alikwambia hayo kwa neno moja pale mlangoni, nawe ukamrushia lako.

Sasa hilo la usted. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, nikampigia simu mama mmoja mwenyeji wa Kolombia anayefundisha Kisumu. Nikamsomea barua yako. Akanieleza. Huko milimani Boyacá, mke humwambia mumewe usted. Mama humwambia hivyo mtoto anayenyonya. Bibi humwambia hivyo mjukuu aliyempakata. Kwao neno hilo lina joto, ni kama shuka unayomfunika mtu. Hata chumvi, hawasemi nipe. Huomba kama mtu aombaye azawadiwe, hata kama chumvi ni yao na chungu ni chao. Ukishuka pwani ya nchi hiyo hiyo, akasema, watu wanaongea kwa namna nyingine kabisa. Na ukienda Spain, mtu na ndugu yake wanaambiana lete, shika, njoo, hakuna anayeumia. Lugha ni moja, lakini kila mahali imekua na adabu yake.

Kwa hiyo ulimsikia mke akimwita mume kwa mapenzi ya kwao, ukadhani amepigwa. Ukamwita mwanao nyuma ya boma ukamtuhumu fimbo. Mzee wangu, kosa la kwanza ni hilo, na hilo halimhusu Nelcy. Umemlea Sydney bila mama. Ulimuuliza swali ambalo mtu humuuliza mwizi. Hata mimi ningekwenda kupasua kuni.

Usidhani nakucheka kwa mambo ya wageni. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nikaolewa Mumias. Kiswahili kwetu, Kiswahili kwao. Siku ya kwanza mama mkwe aliniambia, leta maji. Songa hapo. Kula. Nilizoea kusikia naomba unisaidie, tafadhali mwanangu, hebu nisogezee. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia, nikamwambia mume wangu kwamba mama yake hanitaki. Alicheka, akaniambia, "Siku mama atakuambia tafadhali ndiyo uogope." Na mimi nilipomwambia wifi yangu naomba chumvi, aliniuliza kwa hasira, "Unaomba nini kwako? Sisi ni jirani?" Alidhani najitenga. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimpa mwenzake heshima yake na mwenzake akiipokea kama kofi. Lakini mimi nilikuwa na bahati ambayo Nelcy hana. Hakuna aliyekuwa amenifanyisha kazi kwa sauti ile kabla sijafika.

Unaniambia uliweka mila kando kwa sababu ya huruma. Huruma nimeiona, na kwa hiyo sikukemei sana. Lakini tazama ulichoweka kando. Mila yenu inasema baba mkwe asimsemeshe mke wa mwanawe ana kwa ana mbele ya watu. Wazee waliijua hatari hiyo. Walijua kwamba mkubwa wa boma akimwambia mgeni neno moja, hata zuri, mgeni hana pa kulikataa. Ungeifuata, ungempeleka Mildred akamnong'oneze, na leo mtoto angekuwa amekwisha kupewa jina lake.

Kuna jambo jingine, na nimelizungukia sana kabla ya kuliandika. Unasema mtu wa nyumba haambiwi tafadhali. Ukasema pia tafadhali walikuwa wakimpa askofu na daktari. Sista Pilar alikupenda, siwezi kuligusa hilo, alisimama kwenye matope akamlilia mkeo. Lakini pia ulikuwa mtu wa kuni na nguruwe, na maneno yale yale, lete na nipe, ndiyo bwana wa kazi humwambia mfanyakazi. Inawezekana yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Wewe uliyapokea na mkate na chai, yakakaa kwako kama maneno ya nyumbani. Nelcy aliyapokea na beseni la maji machafu ya mtu asiyelijua hata jina la mama aliyemzaa binti huyo. Nyinyi wawili mmesomeshwa Kihispania cha aina moja, mzee wangu, mahali pamoja, mlango wa jikoni. Wewe peke yako katika boma lile ndiye ungeweza kumwelewa.

Sasa sikia unachofanya.

Wanjala mwambie akae na hasira zake kwake, na kama ana njaa ya kuku wa faini achinje wa kwake. Kuinama hapa si kumwinamia mke wa mtoto. Ni kuokota kitu ulichokiangusha mwenyewe. Waliocheka ndio wenye deni la pole, na Chrispinus aanze.

Sydney kwanza, kabla ya mkewe. Mwambie umekosea kumshuku mkono wake. Sema hivyo hivyo, usiongeze lakini. Ukiongeza lakini moja tu, umeharibu.

Halafu mtume Mildred gesti kabla yako. Yeye ni shangazi wa Sydney, kazi hii kwa mila yenu ni yake, tena amekwisha kumwonea huruma binti huyo hata bila kujua sababu. Apeleke ujumbe kwamba baba anaomba kuja. Anaomba. Neno hilo lifike kama lilivyo. Nelcy akisema leo hapana, utarudi nyumbani na utaomba tena kesho. Ana haki ya kukataa, na lazima aione kwamba anayo, maana kule kazini hana.

Ukikubaliwa, nenda. Kihispania chako kiache misheni. Usijaribu hata hicho cha kwao nilichokueleza, utakivaa kama koti la mtu mwingine. Ongea Kiluhya, kile ulichomposea Jescah, polepole, na Sydney atafsiri. Mwambie maneno uliyosema yalikuwa ya mapenzi kwako, na kwamba hukujua yalikuwa nini kwake, na sasa umejua. Mwambie hakuna tajiri katika boma lako na hakuna mtumishi. Mwite mama, kwa heshima, kama wazee wa kwenu wanavyomwita mke wa mtoto wao. Kisha nyamaza. Wewe ni mtu wa maneno machache, kwa hilo nakuamini.

Mtoto usimwombe. Najua mikono inakuwasha. Usimwombe, usimnyooshee mkono, usimtazame sana. Mama yake akitaka kumleta kaburini kabla ya ndege, atamleta. Akitaka safari nyingine, mtasubiri, na wewe utaendelea kufyeka. Jina la mkeo halitaoza kwa kungoja. Litaoza kama mtoto atalipokea huku mama yake anatetemeka.

Gazeti hili linatoka Ijumaa na mwisho wa mwezi hauko mbali. Sydney bado anapokea simu zako, ingawa anazikata. Mtoto aliyekukata kabisa hapokei. Mpigie sasa hivi, na safari hii wewe usikate.

Bi. Mwanahalima